Neno la Vitu, Si la Watu

Wiki iliyopita msichana mmoja wa darasa langu la tano aliinua mkono akauliza swali ambalo nimelikimbia tangu nianze kazi hii. Ninafundisha Kiingereza hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, katika sekondari ambayo madirisha yake hayajapata vioo hadi leo, na vitabu vyetu ni vile vya zamani ambavyo kanisa lilituletea kwenye makartoni, kurasa zimetafunwa na mende. Msichana alikuwa ameweka kidole juu ya neno lisije likamtoroka.

"Madame, hii 'pooh' iko na maana gani?"

Nilifungua kamusi mbele yao, kama mtu asiyelijua. Kamusi ilisema ni neno la kuonyesha dharau. Basi, mstari mmoja, imemaliza. Nikaandika ubaoni: dharau. Wakanakili. Lakini yule msichana si wa kuridhika upesi.

"Na inatumikaka namna gani, Madame? Muntu anaisema wakati gani?"

Niliweka chaki mezani. "Enda uulize papa yako," nikamwambia. "Ye anajua."

Darasa zima lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, maana baba yake ni mtu wa simenti na mabati. Ana duka kubwa barabarani, kanisani hukaa viti vya mbele, na hakuna mtu Baraka aliyewahi kumsikia akitamka neno la Kiingereza. Mimi sikucheka. Nilipotoka nilishuka moja kwa moja mpaka pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu, karibu na ziwa, ambapo siku hizi kuna depo ya bia. Nilisimama kando ya kreti nikavuta pumzi, nikitafuta harufu ya mawese. Hakuna. Harufu ya bia iliyomwagika tu. Basi kaa hapa, rafiki yangu, nikuambie kwa nini nilimtuma mtoto wa watu kwa baba yake.

Mimi nililelewa na bibi. Mama yangu alikuwa akifanya biashara Uvira na alikuja kutuona kila alipopata gari, nasi tulibaki wawili katika ua ule uliokuwa na kazi nyingi kuliko watu. Asubuhi nilikwenda kuangalia muhogo tuliouloweka kwenye pipa, kama umelainika. Mkono ulinuka uchachu mpaka jioni. Kisha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kisha kuanika ndagala, dagaa wa kwetu, na kuwafukuza kuku, na kuwafukuza tena. Wakati wa mawese tulichemsha mbegu za michikichi kwenye fuu, lile pipa la chuma, bibi akikoroga na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti nzito kama ya mwanaume, na mafuta mekundu yakapanda juu polepole. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu miezi na miezi. Kinu chetu kilisikika mpaka kwa jirani, na cha jirani mpaka kwetu, na siku kimoja kikikaa kimya mtu alikuja kuuliza kuna mgonjwa gani.

Bibi alikuwa na ulimi. Na pale ulimi ulipochoka, alikuwa na msonyo. Ee, msonyo wa bibi yangu! Aliuvuta mrefu, kutoka jino la nyuma mpaka la mbele, na mchuuzi aliyekuja na chumvi yenye mchanga aliusikia akaanza kufunga mzigo wake bila kuambiwa kitu. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi sana, alisema bibi akisonya hapa, kule Kazimia bavuvi banarudisha mitumbwi. Nilidhani hakuna dharau duniani inayoweza kuushinda msonyo ule. Nilikuwa mtoto.

Chumba cha nyuma alikaa mwalimu. Alikuwa kijana kutoka juu milimani, upande wa Minembwe, mwembamba, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata wakati wa joto. Alifundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa akikaa kwetu kwa sababu ya ng'ombe. Usicheke. Zamani babu yangu alikuwa akipanda milimani na chumvi na mawese, akilala kwa baba yake mwalimu, na urafiki wao ulipokomaa babu alinunua ng'ombe mmoja akamwacha kulekule juu, kwenye nyasi nzuri, achungwe pamoja na wa rafiki yake. Maziwa wanywe wao, ndama wagawane. Babu alikufa, ng'ombe akabaki. Bibi hakuwahi kumwona hata siku moja, ila alijua ni wa rangi ya udongo na ana doa jeupe kwenye paji la uso, na kila mwalimu aliporudi kutoka likizo, kabla hata hajatua kibuyu cha siagi na mfuko wa maharage, bibi alimwuliza habari zake kama anavyouliza habari za mkwe. Amezaa? Anakula vizuri? Bado mkorofi? Mwalimu alijibu yote kwa utulivu. Kijana ambaye baba yake anakuchungia ng'ombe wako hawezi kupanga kwa mtu mwingine; bibi asingekubali.

Shida ilikuwa samaki. Mwalimu hakula samaki. Watu wa kwao wa zamani hawakula kabisa, ni watu wa maziwa, na ingawa wengi walioshuka ziwani walizoea, yeye harufu tu ilimfukuza mezani. Bibi aliichukua hiyo kama vita yake binafsi. Mukeke wa bibi, rafiki yangu, aliochomwa kwanza juu ya makaa halafu akaingia kwenye mawese na nyanya na pilipili nzima! Kichwa cha mukeke, kwetu, hakikugawiwa ovyo. Bibi alimpa mtu anayempenda siku hiyo, na kwa miaka miwili kila mchana alikiweka kwenye sahani ya mwalimu.

"Kula, mutoto yangu. Weye mwalimu muzima unakunywa maziwa sawa mutoto wa kunyonya."

"Koko, mi sikulaka samaki. Ile iko naniangalia na macho."

"Inakuangalia sababu inakuhurumia."

Mwalimu alimwita koko, kama mimi, kama mjukuu anavyoita. Aliisukuma sahani taratibu kwa ncha ya kidole, akainua pua juu kabisa, akafumba jicho moja, akasema: "Pooh!"

Ndivyo neno lile lilivyoingia nyumbani kwetu. Lilikuwa kwenye kitabu chake, katika ukurasa wa maneno yanayomtoka mtu ghafla, la furaha, la maumivu, la mshangao. Hili lilikuwa la dharau. Bibi alitaka kujua ni tusi la namna gani analotukanwa nalo chini ya paa lake, na mwalimu akamweleza, akiwa bado anacheka, kwamba si tusi. Ni neno la kusema kwamba kitu hakina uzito, hakistahili hata kujibiwa. Ila lina sheria yake. Nakumbuka aliinua kidole, akawa mwalimu kweli.

"Hii neno ni ya vitu, koko. Haiko ya bantu. Unaambia samaki, unaambia mvua, unaambia kazi inakusumbua. Muntu hapana. Ukiambia muntu, inabadilika, inakuwa kitu ingine."

Bibi alilipenda. Siku ya pili nilimsikia akimwambia jogoo, "Puu!" Akaiambia mvua iliyomlowesha muhogo wake, akaiambia chumvi ya yule mchuuzi, akaiambia bei ya sabuni. Alisema neno hili la Wazungu ni fupi, halichoshi mashavu kama msonyo. Mimi nikalipeleka bombani tulikochota maji, na kabla ya mwezi kwisha kila mtoto wa mtaa alikuwa akiinua pua. Wamama wa samaki walilichukua. Mvuvi akileta ndagala waliolala, alipokewa na "puu" kutoka kila upande, na wote wakacheka, hata yeye, maana lilikuwa limeelekezwa kwenye karai si kwake.

Na alikuwapo mwanafunzi. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi, lakini huyu mmoja alikuja kila jioni kukaa kwenye ngazi ya chumba cha nyuma na kusoma naye. Alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Alikuwa na sauti nzuri na kumbukumbu ya ajabu, na alikuwa na njaa, kwa sababu kwao walikuwa wengi na baba yao alikuwa amezama ziwani. Bibi hakuvumilia kumwona mtoto wa mtu akisoma na tumbo tupu. Kwa hiyo kile kichwa cha mukeke alichokikataa mwalimu, alitunziwa yeye mpaka jioni. Miaka miwili. Alikila vizuri, akinyonya mifupa mpaka iwe myeupe, akiacha macho mwisho. Nilikuwa nikimpelekea mimi. Kabla ya kula nilimmwagia maji mikononi, yeye na mwalimu pamoja, kwa beseni moja, kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyekula bila kumwagiwa maji, awe mgeni au mkopaji au mwizi. Bibi alisema hata anayekuja kukamata mtu, umwagie kwanza maji.

Halafu ikaja ile vita ya kwanza.

Haikuja na bunduki. Ilikuja na maneno. Redio ilianza kusema watu wa juu si watu wa hapa. Mikutanoni wakubwa wa serikali walisema. Sokoni walisema. Wamama walioshuka na maziwa kutoka milimani walipungua, kisha hawakuja tena, na pale walipokuwa wakiketi mtu akaweka ndizi zake. Ilisikika kuwa huko juu vijana wao wamepata silaha na askari wa nje wako pamoja nao, wanashuka. Na vijana wa kwetu nao walianza kukusanyika, wakikata mikuki, wakiziba njia. Kila upande ulikuwa na hadithi ya kutisha ya upande mwingine, na sehemu kubwa ya hadithi hizo zilikuja kuwa kweli, kwa sababu watu walizifanyia kazi.

Wanafunzi wa mwalimu waliacha kuja, mmoja mmoja. Yule wa kichwa cha mukeke naye hakuonekana kwenye ngazi. Bibi akasikia yuko na vijana wa barrière, wanaoziba barabara ya kwenda Fizi, amefunga kitambaa chekundu kichwani.

Mwalimu alitaka kupanda kwao, lakini njia ya milimani ilikuwa imefungwa na waliojaribu hawakufika. Bibi akapanga mambo yake. Mpwa wake alikuwa na mtumbwi wa injini. Angempeleka Kazimia, na kutoka huko avuke ng'ambo, Tanzania. Ilibidi tungoje upepo utulie. Siku hizo bibi alimkataza kutoka nje, na kila mtu aliyeuliza aliambiwa huyu ni mtoto wangu, kwisha. Mtaa ulijua. Mtaa ulinyamaza, nauheshimu kwa hilo mpaka leo. Bibi alisema wakija vijana ataongea nao, ni watoto aliowalisha.

Walikuja mchana, saa ya chakula. Walikuwa wanne. Wawili sikuwajua. Mmoja alikuwa mtoto wa fundi wa baiskeli. Na wa nne alikuwa yeye.

Bibi aliwaona akafanya kama anavyofanya siku zote. Alisema karibuni, batoto, akatoa viti, akaniita nilete maji. Nikaja na beseni na kopo. Nilimwendea kwanza yule wa kitambaa chekundu, kwa mazoea, kwa sababu ndiye niliyezoea kumwagia. Hakunyoosha mikono. Aliliangalia beseni kama kitu asichokijua.

"Tunasikia hapa iko muntu wa juu," akasema mmoja wa wale wawili.

"Hapa iko mutoto yangu," bibi akajibu. "Anakula."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka, shati limefungwa mpaka shingoni. Mbele yake kulikuwa na bugali na sahani ya mukeke, na kwenye sahani, kichwa. Hata siku hiyo bibi alikuwa amekiweka.

"Kama iko mutoto yako, akule samaki," akasema yule. "Bantu ya juu habakulaka samaki. Tutaona."

Nataka uelewe jambo moja, rafiki yangu, kwa sababu nimelibeba maisha yangu yote. Hawakuhitaji kuona. Wale wawili labda. Lakini mtoto wa fundi wa baiskeli alikuwa mwanafunzi wake, na huyu wa kitambaa chekundu alikuwa amekaa kwenye ngazi yake miaka miwili, alijua jina la baba yake, alijua mpaka habari za ng'ombe wetu. Angeweza kusema neno moja, huyu namjua, na likaisha kwa namna moja au nyingine. Hakulisema. Alisogea mbele, akaichukua sahani kutoka kwenye mkeka, akaiweka chini mchangani, mbele ya magoti ya mwalimu.

Nikasogea na kopo nimmwagie mwalimu maji. Nilijua tu hivyo, kwamba mtu hali bila maji. Yule wa kitambaa chekundu akanizuia kwa mkono.

"Hapana maji," akasema.

Bibi alitoa sauti ndogo kooni. Haikuwa msonyo. Sijawahi kuisikia kabla wala baadaye.

Mwalimu alikula. Alichukua kile kichwa kwa mkono wenye vumbi na akakila kama sisi tunavyokula, kwa kukifungua nyuma ya shavu, kwa kunyonya mifupa, bila kukosea hata mara moja, maana kwa miaka miwili alikuwa ameketi akimtazama mtu mwingine akikila. Hakutapika. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ule ukosi uliofungwa. Alipofika kwenye macho alisimama kidogo, kisha akayala nayo. Bibi alikuwa amesimama na mwiko wake. Chakula alichompikia mtoto kwa upendo miaka miwili sasa kilikuwa kinaliwa mbele yake, na hakuweza kutazama.

Walipoona sahani tupu, wale wawili waliangaliana. Mmoja akasema, bado, tumupeleke tu, mukubwa atamuangalia. Na sote tulijua waliopelekwa kwa mkubwa hawakurudi.

Ndipo yule mwanafunzi akainama juu ya mwalimu wake. Aliinua pua juu kabisa. Alifumba jicho moja, kama alivyofundishwa.

"Pooh," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Twende. Huyu hafiki hata bei ya risasi."

Wakacheka. Wakaenda. Mtoto wa fundi wa baiskeli alipita akachukua bugali lililobaki akaondoka nalo mkononi.

Mwalimu alibaki amepiga magoti. Bibi aliniambia nilete maji, na safari hii alimmwagia yeye mwenyewe, mikononi, usoni, kinywani, kopo baada ya kopo, akilia bila sauti, akisema unisamehe, mutoto yangu, unisamehe, ni mi nilikiweka pale. Mwalimu alijifuta kwa mkono wa shati. Akamwambia, "Koko, ilikuwa tamu."

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Asubuhi iliyofuata, wavuvi waliporudi na ndagala na pwani ilipojaa watu na kelele, mpwa wa bibi alimpakia katikati ya makarai akiwa amejifunika kitenge cha mwanamke. Hakugeuka kutuangalia. Mpwa alirudi akasema alimfikisha Kazimia, akamwona akipanda mashua ya ng'ambo. Baada ya hapo sijui. Tulipokimbilia Tanzania sisi wenyewe, muda si mrefu baadaye, bibi alimwulizia kambini kwa kila mtu aliyekuwa mrefu. Wengine walisema yuko Kigoma, wengine walisema alirudi kwao akauawa huko, wengine walisema anafundisha mbali, katika nchi ya baridi. Kila mmoja alikuwa na uhakika.

Tulirudi Baraka, na vita ya pili ikatukuta. Safari hii waliokuwa na bunduki walikuwa wengine, na waliopigishwa magoti tulikuwa sisi. Watu walionusurika mauaji ya upande wa Makobola walipita mtaani kwetu; ya kwao sitayasimulia, wako wenye haki ya kuyasimulia kuliko mimi. Nitasema tu kwamba kwenye barrière ya mji askari mmoja kijana alimlazimisha bibi yangu kuvua viatu akapita navyo kichwani, mzee wa umri ule, na wenzake wakashika mbavu. Bibi alipita. Tulipokuwa mbali nilimwuliza kwa nini hakusonya. Akaniambia msonyo ni wa mtu unayemfahamu.

Kuhusu siku ile, yeye na mimi tuligombana mpaka alipokufa. Bibi aliamini yule mwanafunzi alimwokoa mwalimu wake. "Ule mutoto alikuwa na akili," alisema. "Banataka kumupeleka, ye anamufanya kitu ya bure. Kitu ya bure, nani atapoteza nguvu kuiua? Alimuokoa na ile neno." Alikuwa na hoja, sikatai. Mwalimu aliondoka hai. Lakini nilimwuliza, na maji je? Kunyimwa maji nako kulikuwa kuokoa? Na sahani chini mchangani? Bibi akasema tena: alimuokoa. Alihitaji iwe hivyo. Alikuwa amemlisha yule mtoto miaka miwili. Lakini hakupika tena mukeke na kichwa chake. Alikikata akawatupia paka, yeye ambaye hakuwahi kutupa hata maganda.

Na mimi, wakati fulani, nilianza kutaka bibi awe na haki. Mtu anachoka kuchukia. Mwanafunzi yule alitoka msituni, akaoa, akafungua duka dogo, likakua. Ananisalimu vizuri. Alipoleta binti yake shuleni kwangu alinipa mkono, akasema, "Madame, ninamuacha kwako." Nikamtazama usoni nikitafuta kijana wa kwenye ngazi. Nilikuwa tayari, niamini, kwa neno lolote kutoka kwake. Angesema tu, unamkumbuka mwalimu? Ningemwamini. Ningekwenda kwenye kaburi la bibi nikamwambia koko, ulikuwa na haki. Aliniuliza kama wanafunzi wanahitaji kununua sare mbili au moja.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilimtuma binti. Nilijiambia, hatalisema kwangu, labda atalisema kwa mtoto wake. Aliyemwokoa mtu kwa neno moja hawezi kulisahau neno lile. Atamweleza hata nusu tu: zamani nilikuwa na mwalimu.

Usiku ule sikula vizuri. Siku hizi watu wa juu na wa chini wanapigana tena kule milimani, vijiji vinachomwa, ng'ombe wanaibwa kwa makundi, na yule wa doa jeupe, au wajukuu wake, sijui wako kwenye nyasi za nani. Watoto ninaowafundisha hawajawahi kumwona mama wa maziwa akiketi sokoni Baraka na kibuyu chake. Ukiwaambia mtu wa Minembwe alikuwa akiishi kwetu kama mtoto, wanakutazama kwa heshima wakingoja umalize. Kinu hakisikiki, watu wanasaga mashineni. Hata neno lile lilikuwa limetoweka mtaani, hakuna mtoto anayelijua, mpaka kitabu cha mende kilipolirudisha.

Asubuhi msichana aliinua mkono kabla sijafungua kitabu.

"Madame, niliuliza papa. Anasema ye hajasomaka Kingereza hata siku moja. Anasema labda unamuchanganya na muntu mwingine."

Alilisema kwa uchangamfu, ametimiza kazi yake. Nilimshukuru. Nikageukia ubao. Basi, bibi, nikawaza. Hakumwokoa mtu.

Chini ya lile neno dharau, nililokuwa nimeliandika siku iliyotangulia, nikaongeza kwa herufi kubwa matumizi yake, kama nilivyofundishwa uani kwetu na mtu mwenye kifungo cha shingoni: ni neno la vitu, si la watu. Wakanakili. Msichana akanakili, kisha kalamu yake ikasimama.

"Na kama muntu anaisema kwa muntu, Madame, inakuwaka namna gani?"

"Anasahau Kingereza yote," nikamjibu.

Darasa likacheka. Yeye, safari hii, hakucheka.